Barua ya wazi kwa mnaotoka na mnaoingia madarakani kwenye miji midogo: makabidhiano yafanyike mchana kweupe

Waheshimiwa,

Salamu kwenu nyote. Nawaandikia makundi matatu kwa mpigo kwa sababu nimeona mkiandikiwa mmoja mmoja kila mtu anasema hii barua ni ya mwenzangu. Wa kwanza ni nyie mnaotoka, mameya na wenyeviti na madiwani wa miji midogo ambao kura hazikutosha au muda umeisha. Wa pili ni nyie mnaoingia, ambao saa hizi simu zenu zinaita pongezi mpaka chaji inaisha. Wa tatu ni nyie wa juu, mnaotunga sheria za serikali za mitaa na kusimamia chaguzi zake, ambao mkisikia mji mdogo unagombania funguo mnasema hao wamalizane wenyewe. Hawamalizani. Ndio maana naandika.

Mimi nilikuwa karani wa baraza la mji mdogo, kazi yangu kuandika mihtasari ya vikao na kutunza mafaili. Sitataja wapi, maana wahusika wote wapo na tunasalimiana, halafu nikitaja tu mtasema aah hayo ni mambo ya kule. Sio ya kule peke yake. Nimeshuhudia makabidhiano matatu, mawili kati ya hayo yalikuwa ugomvi mtupu, na nimekuwa nikifuatilia yanayotokea kwingine duniani nikakuta ni yale yale, majina tu ndio yanabadilika.

Hebu niwaambie ya pili ilivyokuwa. Ijumaa jioni mwenyekiti aliyeshindwa akaja ofisini na begi la mgongoni, akazunguka zunguka, akafungua droo akafunga, halafu akaniwekea mezani ufunguo mmoja uliofungwa kwa kamba ya kiatu. Akasema, "Huo hapo, mpe huyo mtu wenu." Nikamuuliza, mzee, na wa kabati? Akaniangalia tu. Yeye ndiye aliyenitafutia ile kazi, sikuwahi kumwita mheshimiwa, nilikuwa namwita mzee, na siku ile nilinyamaza. Muhuri wa mji ulikuwa ndani ya lile begi, nilijua kabisa, maana pedi ya wino ilibaki peke yake juu ya meza na pembeni yake kulikuwa na duara safi kwenye vumbi, pale muhuri ulipokaa miaka yote.

Jumatatu mwenyekiti mpya akaja na watu wake wengi, wengine bado wamevaa fulana za kampeni, kabati halifunguki, mmoja akaleta nondo wakalivunja. Mlango ulipong'oka mafaili yakamwagika sakafuni na pale pale ukaanza ugomvi mwingine, kwa sababu kitabu cha mihtasari kilikutwa kina kurasa zimechanwa, na mpaka leo hakuna anayeweza kuthibitisha zilichanwa kabla ya nondo au baada ya nondo. Aliyetoka anasema wamechana wao. Walioingia wanasema kachana yeye. Mimi niliyekuwa naandika kile kitabu kwa mkono wangu najua kurasa zilikuwa ngapi, lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba leo fulani anamkabidhi fulani kitabu chenye kurasa kadhaa, zote zipo, saini ya huyu na saini ya yule. Karatasi moja tu, na ingezuia ugomvi uliotutafuna miaka miwili.

Sasa benki. Hapa naomba mnisome taratibu kwa sababu hapa ndipo watu wasiohusika waliumia. Waliokuwa wanaweka saini kwenye akaunti ya mji walikuwa watatu na wote watatu wamepoteza viti. Benki ikasema hakuna shida, tuleteeni muhtasari wa kikao kilichoteua waweka saini wapya. Kikao kinataka akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo, na madiwani wa upande ulioshindwa walikuwa wamebakiwa na viti ambavyo havitoshi kuongoza ila vinatosha kukwamisha, wakasusa. Kikao cha kwanza akidi haikutimia, cha pili haikutimia, cha tatu ikatimia, lakini ule muhtasari lazima uthibitishwe kwenye kikao kinachofuata halafu ugongwe muhuri, na muhuri uko kwenye begi. Wiki tisa. Wiki tisa hela ya mji ipo benki na hakuna mkono wa kuitoa.

Kulikuwa na mama mmoja katika wafagiaji wa barabara, alikuwa ananipitia dirishani kila asubuhi kabla ya kuanza kazi, anashika vyuma vya dirisha, fagio ameliegemeza ukutani, anauliza, "Mwanangu, leo vipi?" Nasema, "Bado mama." Anasema haya, anachukua fagio lake anaenda. Wiki zote tisa alifagia bila kulipwa. Hakuwahi hata siku moja kuniuliza kuhusu nani kashinda na nani kashindwa.

Sasa nyie wa juu huwa mnadhani mji mdogo ni rahisi kwa sababu ni mdogo, na mimi nasema ni kinyume chake. Rais akishindwa uchaguzi kuna walinzi ambao kesho wanamtii mwingine, kuna kamera, kuna mabalozi wanaangalia, kuna watu ambao kazi yao ya mwaka mzima ni kuandaa makabidhiano. Kwenye mji mdogo serikali nzima inaingia kwenye begi la mgongoni: funguo, muhuri, kitabu cha hundi na pasiwedi ya kompyuta moja. Mwandishi wa habari hayupo, wa karibu yuko mbali na habari yenyewe haimlipi nauli. Halafu wanaopokezana wanajuana, wamesoma darasa moja, wameoleana, watoto wao wanacheza pamoja. Mtu akishindwa kwa kura kumi na tisa anawajua hao kumi na tisa ni kina nani, au anadhani anawajua, na kesho yake atakutana nao msibani. Ndio maana uchungu wa mji mdogo hauishi haraka, hauna pa kwenda, unazunguka mule mule.

Mkitaka kuona mambo yanaweza kufika wapi angalieni Newbern, jimbo la Alabama, Marekani. Ni mji wa watu 130 hivi, wengi wao Weusi, na kwa miaka kama 60 haukuwa umefanya uchaguzi wa meya, cheo kilikuwa kinapitishwa mkono kwa mkono kwa watu wale wale. Mwaka 2020 mkazi mmoja, Patrick Braxton, ambaye alikuwa anajitolea kuzima moto pale mjini, akaenda kuchukua fomu, akafuata utaratibu, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejaza fomu kwa wakati akawa meya bila kupingwa. Basi wale waliokuwepo wakakaa kikao wenyewe bila kutangazia watu, wakapanga uchaguzi maalumu ambao wananchi hawakuambiwa, wakajaza fomu wao peke yao, na kwa kuwa hakukuwa na wapinzani wakajitangaza wameendelea na viti. Braxton akaapishwa, alipofika ofisini akakuta kufuli zimebadilishwa. Akaunti ya benki hana ruhusa, sanduku la posta hana ruhusa. Alifungua kesi mahakama ya shirikisho mwaka 2022, na makubaliano ya kumtambua kuwa yeye ndiye meya yalipatikana Juni 2024, yaani muhula wa miaka minne ulikuwa karibu unakwisha ndio akatambulika. Mwaka 2025 mji ukafanya uchaguzi wa kweli na akashinda.

Nimelisoma sakata lile nikawa naona kabati letu. Kama ni bunduki tungesema ni wahuni, lakini hapa silaha ilikuwa kufuli na sanduku la posta! Vitu ambavyo hakuna sheria iliyovitaja kwa majina, kila mtu anachukulia kwamba vitakabidhiwa tu kwa sababu watu ni waungwana. Waungwana wapo, wengi tu, mwenyekiti wetu wa kwanza kabisa alikuwa hivyo, alikuja na orodha ameiandika mwenyewe kwa mkono mpaka idadi ya viti. Lakini mji hauwezi kuishi kwa kutegemea bahati kwamba safari hii anayetoka ni muungwana.

Nyie mnaotoka, naomba niseme nanyi kidogo bila kuwatukana maana najua mnaumia. Nilimwona mzee yule miezi baada ya hapo na nilielewa kitu. Hakuwa mwizi. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti muda mrefu hadi ofisi na yeye vikawa kitu kimoja kichwani mwake, na muhuri aliuchukua kama mtu anavyochukua picha yake ukutani akihama nyumba. Aliniambia, "Nilijenga ule mji mimi." Kweli alijenga, mfereji wa barabara kuu ni kazi yake, hakuna anayebisha. Ila mheshimiwa, ulijenga kwa kodi ya watu, na ule muhuri hauna jina lako, una jina la mji. Na kama unaamini umeibiwa kura, nenda mahakamani na ushahidi, hiyo ni haki yako na wala mtu asikucheke, lakini kesi haihitaji ufunguo wa kabati. Unaweza kukabidhi ofisi leo asubuhi na kufungua kesi leo mchana.

Kuna wengine lakini hawaachii kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni hela, hapa tusizungushane. Kule Athens, jimbo la Tennessee, miaka ya 1940, sherifu wa kaunti, yaani mkuu wa polisi anayechaguliwa kwa kura, na wasaidizi wake walikuwa wanalipwa kwa ada, kila wakikamata mtu na kumwingiza jela wanapata chochote, kwa hiyo kukaa ofisini ilikuwa biashara na kutoka ni kufilisika. Tarehe 1 Agosti 1946 ilikuwa siku ya kura, wanajeshi waliorudi kutoka vita vya pili vya dunia walikuwa wamesimamisha wagombea wao, mpiga kura mmoja mzee Mweusi akapigwa risasi na msaidizi wa sherifu kituoni, jioni masanduku ya kura yakabebwa yakapelekwa jela eti yakahesabiwe humo, na nje hakuna anayeona. Wale wanajeshi wakachukua silaha kwenye ghala, wakaizingira jela, wakarushiana risasi usiku kucha mpaka wakaripua baruti na wasaidizi wa sherifu wakajisalimisha alfajiri ya tarehe 2. Mgombea wao, Knox Henry, akawa sherifu.

Watu hupenda kuisimulia hiyo kama hadithi ya ushujaa. Mimi naisoma nikiwa na hofu. Mji mdogo ukifika mahali pa kuamua nani kashinda kwa baruti, hata kama wenye haki ndio wameshinda safari hiyo, umeshawafundisha watoto njia. Na chanzo chake ukikitafuta unakikuta kwenye vitu viwili vya kawaida kabisa, namna ya kumlipa mtu mshahara na mahali masanduku ya kura yanapohesabiwa. Vyote viwili vingeweza kurekebishwa na kalamu miaka kumi nyuma yake. Nyie wa juu mlisikie hilo, maana hizo kalamu mnazo nyie.

Nageukia mnaoingia. Nyie ndio kila mtu anawasifia kwa hiyo nyie ndio nitawasema zaidi. Kushinda hakukupi ofisi kama mali ya urithi. Ile nondo ya Jumatatu ilikuwa kosa kubwa kuliko mlivyofikiri, kwa sababu kabla yake mlikuwa mmeonewa na kila mtu anaona, baada yake mkawa sawa na mwenzenu, na ushahidi wa kurasa mkauua wenyewe. Mlitakiwa kukaa pale nje, muite mashahidi, muite polisi, muite fundi wa kufuli, lifunguliwe mbele ya watu na kila faili lihesabiwe likiwa limelala lilipo. Ingechukua siku nzima. Ni siku moja tu.

Halafu hili la kufukuza watu. Wiki ile ile ya kwanza fundi wa maji wa mji alisimamishwa kazi kwa sababu alionekana kwenye mkutano wa upande wa pili, na yule baba ndiye mtu peke yake aliyekuwa anajua vali zote za bomba kuu ziko wapi, ramani hakuna, ramani ilikuwa kichwani mwake. Bomba likapasuka usiku, maji yanaingia nyumbani kwa watu, wapya wanakimbia na tochi hawajui wafunge wapi. Ikabidi waende kumgongea mlango. Alikuja akiwa na ndala, akahesabu hatua kutoka kwenye mti, akachimbua kidogo kwa mkono, vali hii hapa, akafunga, akarudi kulala. Asubuhi bado alikuwa amesimamishwa kazi. Nilimwandikia barua ya kumrudisha mwezi uliofuata, na niliiandika kwa furaha kuliko barua yoyote niliyowahi kuandika ofisini pale.

Sisemi msimguse mtu. Kuna wanaostahili kuondoka na tena kwa pingu. Bell, mji wa watu 35,000 hivi karibu na Los Angeles, ulikuwa na mkurugenzi anaitwa Robert Rizzo aliyekuwa anajilipa karibu dola 800,000 kwa mwaka, mji wa wafanyakazi wa kipato cha chini jamani, na ilianza kujulikana mwaka 2010 pale waandishi wa gazeti la Los Angeles Times walipochimba. Mlango waliopitia ulikuwa uchaguzi maalumu wa mwaka 2005 wa kubadili hadhi ya mji ili usibanwe na kikomo cha malipo ya madiwani cha sheria ya jimbo, ambao walipiga kura watu chini ya 400. Chini ya 400! Machi 2011 wananchi wakawaondoa madiwani kwa kura, na mwaka 2014 Rizzo akahukumiwa kifungo cha miaka 12. Sasa fikirini, yule anayeingia baada ya mtu kama huyo, kitu anachohitaji kuliko vyote ni makaratasi. Mikataba, hati za mishahara, mihtasari. Yakiwa yamechanwa au yamemwagika sakafuni, mwizi anapona na asiye mwizi anachafuka. Ndio maana nawaambia mnaoingia, yale mafaili ya mpinzani wenu mnatakiwa muyalinde kuliko anavyoyalinda yeye.

Na nyie wa juu. Mnajitetea kwamba sheria ipo. Ipo, lakini mara nyingi inasema "atakabidhi ofisi" halafu nukta. Kwa nani, lini, kitu gani, mbele ya nani, na asipokabidhi inakuwaje, kimya. Kumbe inawezekana kuandika vizuri. Ufaransa ambako kuna vijimji vidogo kuliko vyenu, vingine watu hawafiki mia, baraza likishachaguliwa lote linakaa kikao cha kwanza kati ya Ijumaa na Jumapili inayofuata, kinaongozwa na diwani mwenye umri mkubwa kuliko wote hadi meya apatikane kwa kura ya siri, na kura zikilingana mpaka raundi ya tatu anachukua mwenye umri mkubwa. Hakuna pengo la mtu kukaa na begi. Mwaka 2020 walipiga kura tarehe 15 Machi, nchi ikafungwa kwa korona siku mbili baadaye, na kwenye miji takriban 30,000 ambayo tayari ilikuwa imekamilisha baraza, vikao vya kuchagua meya vilisubiri mpaka mwisho wa Mei. Mameya wa zamani wakaendelea kwa miezi miwili na zaidi na hakuna aliyebaki anajiuliza nani ni meya, kwa sababu sheria ilitungwa haraka ikasema wazi nani anabaki na mpaka lini. Kuchelewa sio tatizo, tatizo ni kutojua.

Kenya walitunga sheria ya kushika ofisi ya gavana mwaka 2019 kwa sababu waliona kwenye kaunti mambo haya hayaendi kwa hisani, siku ya kuapishwa inajulikana, kamati ya kusimamia ipo, na baada ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 magavana wengi waliapishwa tarehe 25 mwezi ule ule. Ni kaunti, sio kijimji, lakini mantiki ni ile ile mnaweza kuishusha. Afrika Kusini kikao cha kwanza cha baraza lazima kiitishwe ndani ya siku 14 baada ya matokeo kutangazwa, na anayekiitisha ni meneja wa manispaa, mtumishi, sio aliyeshindwa wala aliyeshinda. Naipenda hiyo. Kikao cha kwanza kisiitishwe na mtu ambaye ana maslahi kisikae.

Hata sare ina dawa. Uingereza kura za diwani zikilingana inapigwa kura ya bahati hapo hapo. Mei 2017 kata ya South Blyth, Northumberland, wagombea wawili walilingana wakavutishwa vijiti, na kile kijiti kimoja ndicho kilichokinyima chama cha Conservative wingi wa viti kwenye baraza zima. Aliyeshindwa kwa kijiti hakubadilisha kufuli. Kwa sababu kanuni ilikuwepo kabla ya siku ile, sio kwamba kijiti kina akili.

Na huko huko Uingereza mtakumbuka ile video ya Handforth, kikao cha baraza dogo la Desemba 2020 kilichofanyika kwa intaneti, mwenyekiti anamwambia Jackie Weaver, mama aliyeitwa kutoka nje kusaidia kuendesha kikao, hapa huna mamlaka, watu wanatolewa kikaoni, mwenyekiti anajiita yeye ndio karani. Dunia nzima ilicheka. Mimi nimekuwa karani, sikucheka hata kidogo, nilisikia tumbo linanikata. Ukiwa karani na pande mbili kila moja inakuagiza na kila moja inakwambia ukimsikiliza yule umekwisha, na kanuni iliyopo haikwambii umtii nani, ile ni adhabu. Mlindeni karani. Mpeni kifungu kinachosema kuanzia saa ngapi ya siku gani anamtii nani.

Ninachowaomba sio kikubwa. Kati ya siku ya kura na siku ya kuapishwa, anayetoka asisaini mkataba mpya wala asiajiri mtu, aendeshe tu mishahara, maji, usafi na dharura, maana hizo wiki mbili tatu ndizo zinazozaa madeni ambayo mpya anayakuta yamelala mezani. Benki ziambiwe mapema kwa kanuni kwamba cheti cha msimamizi wa uchaguzi pamoja na kiapo vinatosha kubadilisha waweka saini kwa muda, ili mshahara wa mtu usisubiri akidi. Diwani akisusa kikao cha kwanza mara mbili mfululizo bila sababu, akidi ihesabiwe kwa waliohudhuria. Najua hapo kwenye akidi kuna watakaobisha kwamba ni kuwanyima wachache silaha yao, nimelifikiria hilo sana na bado nasimama pale pale: wachache wana haki ya kupiga kura ya hapana wakiwa wamekaa kitini, kukaa nyumbani ili mfagiaji asilipwe sio haki.

Na makabidhiano yenyewe yafanyike nje, kwenye uwanja au hata ngazi za ofisi, mchana, tarehe inayojulikana, watu wakiangalia. Karatasi ya makabidhiano ninayoisema nimeshaiandika, ni ukurasa mmoja. Funguo na kila mmoja ni wa nini. Muhuri. Vitabu vya mihtasari na idadi ya kurasa. Vitabu vya hundi na namba ya hundi ya mwisho iliyotumika. Pasiwedi, ndani ya bahasha iliyofungwa, zibadilishwe siku hiyo hiyo. Sanduku la posta. Magari na kilomita zake. Madeni ya mji na tunaowadai. Kesi zilizopo mahakamani. Mahali vali za maji zilipo. Chini kuna nafasi nne za saini, anayetoka, anayeingia, karani, na mwananchi mmoja ambaye hakugombea wala hakumfanyia mtu kampeni.

Yeyote kati yenu akiitaka nitamletea kwa mkono wangu. Kuhusu hiyo nafasi ya nne, kama mtaniuliza aitwe nani, ningeomba aitwe mmoja wa wafagiaji.

Ni mimi,
aliyekuwa karani wa baraza